Ngeli ya Maiti

Walikuja wanne, Jumanne, jua la saa nane,
fulana nyeusi, mnyororo wa baiskeli kiunoni,
wakavua viatu mlangoni kama watu waliolelewa.
"Mwalimu, tunaomba utusahihishie Kiswahili."

Daftari la kurasa mia. Juu yake
KUCHA ZA MAREHEMU, kwa herufi zenye miiba
ambazo sikuweza kuzisoma mpaka Bitaliho, mwimbaji,
akanifuatishia kwa kidole, kama darasa la kwanza.

Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, Mwanga na Ujiji.
Nimesahihisha insha za mbuzi aliyepotea,
barua za kuomba kazi, methali zilizokatwa mkia.
Sikuwahi kukutana na:
*Maiti imefufuka, anatafuta meno yake.*

"Chagueni," nikasema. "Imefufuka au amefufuka?
Sentensi moja, ngeli mbili?"
Baranyikwa, mpiga ngoma, akakuna kisogo.
"Akiwa chini, Mwalimu, ni I. Akishaamka, ni A.
Anabadilikia pale kwenye koma."

Nikaiweka kalamu nyekundu mezani.
Kisha nikaiokota, nikaipa koma ile tiki.

Wiki iliyofuata nikawafunza mizani, nane kwa nane,
maana hata jini ana haki ya kina. Wakaniletea:

*Nimefukua kaburi, nikakuta amelala,*
*funza wamekaa shwari, nyongo wameshaikula,*
*ubongo, uji mzuri, hauhitaji masala,*
*njoo tule, msafiri, tuanze kwanza na sala.*

Saba juu ya kumi. Hiyo "shwari" imelazimishwa.

Onyesho lilikuwa Gungu, kwenye ghala la mihogo.
Nyuso nyeupe kwa unga uleule wa ghalani,
masizi ya sufuria kuzunguka macho.
Kufikia wimbo wa pili jasho lilishaukanda unga
na Bukuru mwenye gitaa alikuwa na ugali kidevuni.
Damu ilikuwa mawese, nusu lita,
na mama mwenye mawese alikuwa mlangoni, anayadai.
Bitaliho akafungua koo, akanguruma kama lori linalopanda mlima,
na vina vyangu vyote vikazama. Hakikusikika hata kimoja.
Bitaliho huyuhuyu, ambaye kwao wakichinja kuku
hukimbilia kwangu, akaziba masikio.
Nilicheka mpaka kilemba kikanitoka.
Mume wangu Ruhaza, aliyemalizwa masikio na vichwa vya treni,
ndiye peke yake aliyesema ameelewa kila neno.
Akaomba ule wa funza urudiwe.

Machi. Hospitali ya Maweni.
"Mwili uko tayari," akasema kijana wa dirishani.
"Mwili umeoshwa. Mwili utatoka saa nne."
U. U. U.
Miaka arobaini alikuwa A:
amekula, amenuna, amesahau miwani juu ya friji.
Nikapapasa mkoba nikitafuta kalamu nyekundu,
nikakuta mswaki wake.
Na kijana hakukosea. Ningempa kumi juu ya kumi.
Sarufi ilikuwa sahihi, ndiyo iliyoniuma.

Wale wanne walifika kabla ya ndugu.
Nyuso zimeoshwa. Fulana nyeusi zilezile,
siku hiyo zikafaa, ila wamezigeuza ndani nje
ili mafuvu yasionekane.
Walibeba. Sikuona, nilisikia tu mlango wa gari
na mtu akisema "polepole, polepole upande wako."

Kisha Bitaliho akaja benchini,
na sauti ile, iliyotikisa mabati ya Gungu,
ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyetumwa chumvi.
"Mwalimu. Mzee ametoka.
Anakusubiri kwenye gari."

Nilitazama mshono wa fulana yake, uzi unaning'inia,
lebo iko nje shingoni.
"Tiki," nikasema.
Sijui kama alinielewa.
Alichukua mkoba wangu, akatangulia.